Binti Yangu Hataki Kuvua Gambuti

SWALI: Mhariri, binti yangu ana miaka minne. Masika ya mwaka jana aliwaona watoto wa jirani wakikanyaga madimbwi huku yeye nimembeba mgongoni, kwa kuwa hakuwa na viatu vya kufaa, na tangu hapo akawa ananiomba gambuti na koti la mvua karibu kila siku. Hatimaye nilivipata katika soko la Gikomba: gambuti nyekundu na koti la manjano lenye kofia. Alipofungua mfuko hakusema neno. Alizinusa gambuti, akaingiza mkono ndani mpaka kwenye ncha, kisha akauliza, "Ni zangu peke yangu?" Sasa anazivaa hata jua likiwaka, na usiku hulia nikizitoa kitandani. Mama mkwe anasema ninamdekeza. Je, nimkataze?
Mama wa Kayole

JIBU: Mama mpendwa, usimkataze. Kwa mtoto wa miaka minne, muda kutoka masika moja hadi nyingine ni sehemu kubwa ya maisha yote anayoyakumbuka, na kitu alichokitamani kwa muda huo wote hakiwezi kuzoeleka kwa wiki moja. Mweleze mama mkwe, kwa heshima anayostahili, kwamba kudekeza ni kumpa mtoto kila anachokitaka papo hapo, ilhali huyu amesubiri mwaka mzima. Lile swali lake lilinigusa sana, kwani watoto wetu wengi huvaa vilivyoachwa na kaka na dada zao.

Kuhusu kulala nazo, ziosheni pamoja jioni, mzipange juu ya gazeti kando ya kitanda, mahali atakapoziona mara tu anapofumbua macho. Miguu yake inahitaji mapumziko hayo, kwa sababu mpira haupitishi hewa, na jasho likikaa humo huleta harufu na fangasi. Mvishe soksi za pamba. Gambuti zikilowa ndani, zijaze karatasi za gazeti na uziache penye hewa, mbali na jiko, maana joto kali hupasua mpira.

Hakikisha pia kwamba hukununua kubwa mno ili "akue nazo". Nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole vyake inatosha. Wewe unaujua udongo mweusi wa Kayole na Embakasi unavyonata: kiatu kikipwaya, mguu hutoka na gambuti hubaki topeni. Kama kofia ya koti ina kamba za shingoni, zitoe, zisije zikanasa mahali akicheza.

Jambo moja tu usilegeze. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, hakuna mzazi wa Nairobi anayehitaji kuambiwa jinsi mtaro unavyoweza kugeuka mto, na mtoto aliyevaa gambuti hujiona anaweza kuvuka popote. Maji yaendayo kasi hayamfai hata kidogo, na yale yaliyochanganyika na maji taka huweza kuleta kipindupindu. Mpe kijiti, umfundishe kwamba dimbwi huingiwa baada ya mama kulipima.

Mvua ikinyesha Jumamosi, bila radi, vaa viatu vyako vya zamani utoke naye, na dimbwi la kwanza mwachie yeye.