Jani moja la mshubiri, dawa mbili

Nilikunywa shubiri saa mbili usiku. Choo kilikuwa kimegoma siku ya nne, na mtu ninayemwamini aliniambia nichume jani la mshubiri (aloe), nilisage lote na ganda lake, nitie asali kidogo. Kufika saa nne sikuona dalili yoyote, nikajiongezea glasi ya pili. Saa kumi alfajiri tumbo likaanza kusokota kama nguo inayokamuliwa. Jua linachomoza, sina cha kutoa tena ila maji na jasho.

Baadaye ndipo nikaelewa. Utomvu wa shubiri huteremka kimyakimya hadi utumbo mpana, na huko bakteria ndio wanaouvunjavunja ukawa mkali. Safari hiyo huchukua saa 6 hadi 12. Kwa hiyo ile glasi ya pili niliinywa wakati ya kwanza bado iko njiani.

Kata jani nene la chini, lililokomaa, uangalie pale kisu kilipopita. Pembezoni, chini tu ya ganda, huchuruzika vitone vya njano. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe, ile tunayoitaja tukisema kitu ni chungu kama shubiri. Ikikauka hugeuka kahawia nzito, na uchungu wake hubaki vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Ndani zaidi ndiko kuna ute: hauna rangi, unateleza kama yai bichi, na ladha yake ni hafifu mno. Mimi nilisaga vyote pamoja.

Siku hizi nalisimamisha jani kwenye kikombe, upande uliokatwa ukiwa chini, robo saa au zaidi, mpaka unjano uache kudondoka. Naliosha, namenya ganda, na popote ninapoona unjano nakata tena. Ute unaobaki nausuuza kisha napaka: ngozi iliyochomwa na jua, au mkono uliopigwa na mvuke wa sufuria, baada ya kuupoza kwanza kwa maji yanayotiririka dakika 20. Kama hujawahi kuutumia, paka kidogo ndani ya mkono usubiri siku moja. Wapo ambao huwatoa vipele.

Kidonda chenye kina kirefu usikiguse nao. Mwaka 1991 ulichapishwa utafiti mdogo wa wanawake 21 ambao vidonda vyao vya upasuaji vilipata matatizo: waliotumia jeli ya mshubiri walipona kwa wastani wa siku 83, wengine siku 53. Wanawake 21 ni wachache, lakini kwangu wanatosha.

Kunywa nimeacha kabisa. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa shubiri kwenye dawa za choo zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye ugonjwa wa figo wasiuguse utomvu huo. Anayetumia digoksini ya moyo yuko hatarini zaidi, maana kuharisha huondoa potasiamu mwilini, na potasiamu ikipungua dawa hiyo huwa sumu. Wa kisukari naye amwambie daktari wake kabla hajaonja, sukari isije ikashuka kupita kiasi.

Halafu kuna suala la porini. Mishubiri ina aina zaidi ya 500, na si kila chenye miiba na majani manene ni kilekile unachokijua. Aloe ballyi, inayoota Kenya na Tanzania, ina sumu. Wanaoifahamu husema jani lake linanuka panya. Usipoweza kuutaja mmea kwa jina lake, uache ulipo. Na unaoujua pia, chukua majani mawili ya chini, moyo uuache: karibu mishubiri yote ya porini inalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na ukishang'oa shina hutarudi kuchuma tena.

Yule aliyenishauri nilimuuliza baadaye kama yeye huinywa hivyo, na ganda lake.

"Mimi? Aa, mimi hupaka tu."