Taa za wavuvi zikiwaka, kifua kinabana

*Shikamoo Shangazi. Nauza dagaa Kibirizi. Mume wangu alikuwa mvuvi. Mwaka jana upepo wa kusini uliwapindulia mtumbwi, hakurudi. Eda nilimaliza, lakini hadi leo sijalia. Usiku wa giza, taa za wavuvi zikianza kuwaka ziwani, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, usingizi unakata. Jirani ananishauri nifanye yoga, yale mazoezi ya pumzi na kujinyoosha. Mama anasema hiyo ni dini ya Wahindi. Nifanyeje?*
*Mjane, Kigoma*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hujalia, lakini mwili wako unalia kwa njia yake, na mimi hali hiyo naijua.

Nilikuwa muuguzi hapa Kigoma. Nilipomzika mwanangu wa pili, nilirudi kazini baada ya wiki moja. Nachoma sindano, naandika faili, mabega yamepanda karibu na masikio na wala sijui. Mwenzangu mmoja aliyejifunza yoga Dar es Salaam akanichukua kwake Mwanga, akanilaza chali juu ya mkeka, akauweka mkono wangu mwenyewe juu ya tumbo langu. Vuta pumzi ukihesabu nne, akasema, itoe ukihesabu sita. Siku hiyo hatukufanya kingine. Kama siku ya tano hivi, nimepiga magoti, makalio yamekalia visigino, mikono nimeinyoosha mbele, paji la uso liko chini, nikasikia kitu kimelegea katikati ya mbavu. Nililia mpaka mkeka ukalowa. Hakuniambia ninyamaze. Alikwenda kubandika maji ya chai.

Mtu akipata mshtuko mkubwa, mwili hujiandaa kukimbia au kupambana: moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi na kuishia juu kifuani. Wageni wa msiba wakishatawanyika, mwili wa mfiwa unaweza kubaki vilevile, na kwako taa moja ya karabai inatosha kuuamsha. Pumzi ya kutoka ikirefushwa, mshipa wa fahamu unaoshuka toka kwenye ubongo hadi tumboni huutuliza moyo, mapigo yakapungua. Ndiyo maana tunaanza na pumzi, si kujikunja kama wale wa kwenye picha.

Mwaka 2014 daktari Bessel van der Kolk na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 64 waliokaa muda mrefu na majeraha ya moyo yaliyoletwa na mshtuko, tiba nyingine zikashindwa kuwatosheleza. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa wiki kwa wiki 10, lingine likapewa mafunzo ya afya. Mwishoni, karibu nusu ya kundi la yoga hawakuhesabiwa tena kuwa wagonjwa. Kundi la pili ni kama mmoja kati ya watano. Narudia, nusu. Mtu akikuambia yoga inaponya kila kitu, usimpe hela yako.

Mama usimbishie. Ni kweli yoga ilizaliwa India, ndani ya imani za huko, na wapo wanaoifanya kama ibada. Wewe chukua pumzi na kujinyoosha, nyimbo na maneno yao waachie wenyewe. Ukibaki na shaka, muulize shekhe wako, na umweleze hasa unachofanya.

Anza alasiri, dagaa wakishaanuliwa, usingoje usiku. Tandika mkeka chumbani, mlango unaotazama ziwa uufunge. Dakika 10 zinatosha. Ukifumba macho ukauona mtumbwi, yafumbue, tazama ukuta, shika sakafu kwa viganja. Kulala chali kukikutia hofu, kaa uegemee ukuta. Wala usijilazimishe kulia. Machozi yana siku yake.

Lakini ukianza kuwaza kumfuata mumeo, au chakula kikikataa kupita, nenda hospitali siku hiyohiyo, umwambie daktari kama ulivyoniambia mimi. Mtu wa kukusindikiza awe mama yako. Hapo yoga peke yake haitoshi.

Niandikie tena baada ya wiki nne, hata kama hutaona mabadiliko. Nataka kujua siku hizo unalala saa ngapi.