Maswali na majibu: magofu na maduka ya Mji Mkongwe, Unguja

Nina siku moja tu. Nianze magofu au maduka?

Magofu, saa mbili asubuhi. Magofu ya majumba ya Maruhubi na Mtoni hayana paa, na jua la saa sita pale halina huruma. Panda daladala namba 502 ya Bububu, umwambie konda akushushe Maruhubi. Mtoni iko mbele kidogo, barabara hiyohiyo. Mchana rudi mjini, vichochoro vina kivuli. Kama ni Ijumaa, maduka mengi hufungwa wakati wa sala, basi panga mapema.

Maruhubi kuna nini zaidi ya nguzo?

Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alilijenga jumba lile 1882, likaungua 1899. Juu palikuwa pa mbao, ndiyo maana zimebaki nguzo. Usiishie hapo: ingia hamamuni, yaani bafuni, kisha tazama ukuta palipobanduka. Utaona jiwe la matumbawe na chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, mvua ikiingia hutoka. Fundi akiziba kwa saruji, maji hubaki ndani, chumvi hujitokeza na plasta hung'oka na jiwe lake. Nyumba za mjini ni hivyo hivyo: ncha ya boriti ya mkoko ikioza ndani ya ukuta, dari inashuka. Kwa hiyo, tafadhalini sana, msipande kuta ili kupiga picha. Jiwe likichomoka, hakuna wa kulirudisha.

Ramani ya simu inanipoteza Gizenga. Nifanyeje?

Iweke mfukoni. Mtaa wa Gizenga uko nyuma ya Ngome Kongwe. Ukipotea, toa salamu kwa mwenye duka, ndipo uulize njia. Upande mmoja utatokea baharini, mwingine Darajani, penye soko.

Zafarani ya Darajani ni halisi?

Zafarani hailimwi Unguja. Ukiuziwa fungu kubwa kwa bei ya manjano, si zafarani. Nunua karafuu: ibonyeze kwa ukucha, mafuta yatoke. Ukiitia katika glasi ya maji, nzuri huzama au husimama wima. Iliyokwisha kukamuliwa huelea ubavu.

Kanga moja bei gani?

Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Utakata na kupinda mwenyewe. Na soma jina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, kabla ya kulipa, hasa ikiwa ni zawadi ya mkwe.

Nimeonyeshwa mfaa wa mlango wa zamani wenye nakshi. Ninunue?

Usinunue. Mfaa ndio mti wa katikati unaopokea mbao mbili za mlango. Haukuota dukani, umeng'olewa kwenye nyumba ya mtu, na nyumba hiyo sasa ina tundu. Vitu vya kale havitoki nchini bila kibali cha idara ya serikali ya Mambo ya Kale, na risiti ya duka si kibali. Mafundi seremala wanaochonga milango mipya wapo. Geuza ubao utazame mgongoni: mpya una alama safi za patasi, uliong'olewa una matundu ya misumari yenye kutu na chokaa kwenye nyufa. Ukiiona chokaa hiyo, rudisha ubao mezani uondoke.