Maswali ya Wasomaji: Tulitaka ufuko, tukapata barabara ya mkonge

*Wahariri, salaam. Tulikuwa wanne. Tuliamua kutembea kwa miguu kutoka Tanga mjini hadi Pangani, siku mbili, tukifuata ufuko. Kwenye ramani ya simu mchanga ulionekana mweupe karibu njia nzima. Tuliondoka mjini saa 3 asubuhi, mwezi ukiwa nusu. Ilipofika saa 5, kabla hatujaifikia Tongoni, tulikuwa katikati ya mikoko, maji mapajani na tope hadi magotini. Tukapanda juu, na safari iliyobaki ikawa ya barabarani, mkonge kushoto, mkonge kulia, vumbi usoni. Kigombe tulikuta mchanga kweli, lakini umefunikwa na majani ya bahari na chupa za plastiki. Je, tulikosea njia, au njia yenyewe haipo? — Msomaji, Muheza*

Njia yenyewe haipo. Hakuna aliyewahi kuchonga njia ya miguu ya kufuata bahari kutoka Tanga hadi Pangani. Watu wa vijiji vya huko wakitaka kwenda mbali hupanda chombo, baiskeli au bodaboda, na barabara ya Pangani imepita juu, mbali na maji, kwa sababu kusini mwa mji pwani imekatika vipandevipande: rasi, hori, mikoko, kisha ghuba ya Mtangata pale Tongoni. Mchanga upo, ila ni wa vipande. Anayetaka kuunganisha vipande hivyo kwa miguu atazunguka kila hori, na kilomita zake zitapita kwa mbali zile 45 hivi za barabarani.

Ramani ya simu imewadanganya kwa namna ambayo wengi hudanganyika. Picha ya setilaiti ikipigwa maji yakiwa yamekupwa, tope la kijivu na mchanga hung'aa karibu sawa. Kabla ya safari, ikuzeni picha mpaka muone mstari wa kijani kibichi ulioshikana baharini. Huo ni mkoko, na mbele yake msitegemee mchanga wa kutembelea. Mikondo myembamba inayojipinda kuingia nchi kavu ni hori, nazo huvukwa kwa mtumbwi au kwa kuzunguka.

Kosa lenu kubwa, hata hivyo, ni saa ya kuondoka. Katika pwani hii, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukifika nusu mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi ndiyo maji yamejaa. Ninyi mlitoka saa 3, maji yakiwa yanamalizia kujaa, na saa 5 yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Tena hayo ni maji mafu, ambayo hata yakikupwa hayaendi mbali, kwa hiyo kusubiri kusingewapa ufuko mpana.

Pangeni kwa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Anayehesabu mwezi wa kuandama achukue siku ya 1 hadi ya 3, au ya 15 hadi ya 17, kisha athibitishe saa kwenye jedwali la maji la bandari. Tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Maji hayo hayapandi kwa kasi moja. Tuchukue mita 3 kamili: saa ya kwanza baada ya kupwa yatapanda kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50 na ya sita 25. Kwenye ufuko tambarare, sentimita 75 humeza upana wa makumi ya mita kwa saa moja, na ndiyo maana mtu huona ana nafasi tele, akikaa kula chungwa anajikuta amebanwa na jabali. Ingieni ufukweni saa tatu kabla ya maji kukupwa kabisa, mtoke saa mbili baada yake. Jumla ni saa tano. Ukiwa na mzigo, mchanga mgumu uliolowa unakupa kilomita 3 hadi 4 kwa saa, mchanga mkavu unaodidimia 2, na tope la mikoko halifiki hata 1.

Mkilazimika kupita kwenye mikoko, angalieni mti kabla ya kukanyaga. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojikunja kama matao, hupenda tope laini la kando ya hori: hapo rudini. Mkandaa husimama nyuma, upande wa nchi kavu, na mara nyingi ardhi yake inabeba mtu. Mchu huota pembeni pande zote mbili, na vijiti vyake vya kupumulia vilivyochomoza ardhini ni vikali kwa mwenye kandambili. Kandambili zenyewe tope huzivua kwenye hatua ya pili. Vaeni raba kuukuu zilizofungwa kamba barabara, msivae buti, kwa kuwa likijaa maji halikauki siku hiyo.

Maji ya kunywa: lita 4 kwa mtu kwa siku, na msitegemee visima vya ufukweni, vingi vina chumvichumvi. Anayetoka jasho sana atengeneze lita moja yenye vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya mlima.

Kuhusu uchafu wa Kigombe, tutenganishe mambo mawili. Majani ya bahari si taka. Yanang'olewa na mawimbi kwenye vitanda vyake na kutupwa ufukweni, na yakianza kuoza harufu yake ni kali kweli. Upepo wa kusi, kati ya Aprili na Oktoba hivi, huyasukuma kwa wingi. Chupa ni habari nyingine: mito na mitaro huzileta baharini wakati wa mvua, na bahari huzirudisha. Mnaotaka mchanga safi nendeni wakati wa upepo wa kaskazi, Januari na Februari, mkikubali joto lake. Na kama ni lazima msafiri wakati wa kusi, anzeni upande wa Pangani mje kaskazini, upepo uwe mgongoni.

Kwa safari ya pili tungefanya hivi. Pandeni gari hadi Tongoni, muone magofu ya msikiti na makaburi yenye nguzo, mrudi barabarani mpande tena hadi Kigombe. Laleni hapo. Kabla ya yote pigeni hodi ofisi ya kijiji: ndiko mtakapoambiwa ni hori ipi imejaa mwaka huu na nani ana mtumbwi, na pia ni adabu. Asubuhi anzeni kushuka kuelekea Pangani. Ni kama kilomita 20, nazo hazimaliziki ndani ya zile saa tano za maji kupwa, kwa hiyo chagueni mapema pa kutokea barabarani mchana. Kaskazini ya Pangani kuna majabali ya matumbawe ambayo maji yakijaa huyapiga chini, usijaribu kuyapita kwa kubahatisha. Mkifika mjini vukeni kwa pantoni hadi Bweni, mchukue bodaboda hadi Ushongo. Ule mchanga mliouona kwenye simu uko huko.

*Je, likizo ya Desemba tunaweza kutembea ufukweni kutoka Bagamoyo hadi Saadani? — Msomaji, Kibaha*

Hapana. Mto Ruvu unaingia baharini kaskazini tu ya mji wa Bagamoyo, kwenye mikoko mipana, na mbele yake uko Wami. Mito yote miwili ina mamba na viboko, na mvua za vuli zikiwa nzuri Desemba huikuta imejaa. Ukivuka Wami unaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2005. Kuna simba na tembo, na humo mtu hatembei kwa miguu bila askari wa hifadhi. Nendeni Saadani kwa gari, mlipe getini, kisha muombe matembezi ya miguu ya kuongozwa.

Kwa miguu Bagamoyo kwenyewe, nendeni kwenye magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini ya mji. Tokeni maji yakishuka. Mkikaribia, mikoko itawafungia ufuko, hapo pandeni juu mfuate njia ya kijiji. Msishangae magofu kuwa mbali na maji: bandari ya Kaole ilijaa tope na mikoko ikasonga mbele. Kipande hicho si cha kupita mtu peke yake na simu mkononi. Kurudi, chukueni bajaji.

*Nikikanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, nifanye nini? Na chaza zikinikata? — Msomaji, Tanga*

Kwanza usimkanyage. Ndani ya maji usinyanyue nyayo, ziburure juu ya mchanga, taa akihisi mtikisiko huondoka mwenyewe.

Akishakuchoma, tia mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kustahimili, uyapime kwanza kwa mguu usiochomwa, kwa sababu uliochomwa hauhisi sawasawa na unaweza kuungua. Kaa nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiongeza maji yakipoa. Joto hudhoofisha sumu na maumivu hushuka. Usifunge kamba juu ya jeraha wala kulichanja. Kipande cha mwiba kinachoonekana juujuu kitolewe, kilichozama kiachiwe daktari, na ukiwa umechomwa kifuani au tumboni usiguse kitu, kimbilia hospitali. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Majeraha ya chaza huonekana madogo, lakini huacha vipande vya gamba na tope ndani. Osha kwa maji safi na sabuni mpaka uone nyama safi, paka dawa, kisha uache kutembea majini siku hiyo. Kesho yake pakiwa pekundu, pamevimba na pana joto, nenda zahanati.