Muulize Fundi: Maharage ndiyo yanayokula mkaa wako

*Shikamoo fundi. Mimi ni mama lishe karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Asubuhi napika chai na chapati, mchana wali, maharage, nyama na mboga, kama sahani sabini kwa siku. Gunia la mkaa nanunua 55,000 na linaisha kwa siku sita. Alikuja ofisa mmoja akatuambia tuhamie nishati safi, akagawa vipeperushi, akaondoka. Nikajaribu mtungi wa gesi wa kilo 15, wa 58,000. Siku ya tano ulikuwa umeisha, nikarudi kwenye mkaa. Mume wangu anasema nishati safi ni ya wenye mishahara. Ni kweli? – Mama wa Msamvu*

Marahaba mwanangu. Mumeo usimlaumu, hesabu uliyomwonyesha ndiyo iliyomfanya aseme hivyo. Mkaa unakugharimu kama 9,200 kwa siku, gesi ikakugharimu 11,600. Mtu yeyote angerudi kwenye mkaa. Ila ulihamisha kazi zote kwa siku moja, na hapo ndipo ulipoumia, kwa sababu kazi za jikoni hazili moto sawasawa.

Fanya hivi kwanza, kabla ya kununua chochote. Chukua sado na daftari la mtoto. Kwa siku saba, kila unapoweka mkaa jikoni, pima kwa sado na uandike umeuweka kwa ajili ya chungu gani: chai, chapati, wali, maharage, nyama. Mwaka juzi nilikaa na mama mmoja wa soko la Mawenzi tukafanya hivyo wiki nzima. Yeye aliamini wali ndio unaommaliza. Daftari likaonyesha kwamba kati ya sado kumi, nne zilikwenda kwenye maharage peke yake. Alilitazama daftari lile kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Sababu yake ni hii. Kulichemsha sufuria ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kulishikilia likitokota saa tatu huku mvuke unapaa. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunataka moto karibu mara saba ya ule ulioyatoa kwenye ubaridi hadi yakachemka. Kila unapoongeza maji kwenye maharage, yale yaliyopotea umeyalipia mkaa, na haya mapya utayalipia tena. Juu ya hayo, jiko la kawaida la mkaa hufikisha kwenye chungu kama sehemu moja tu kati ya tano za moto wake. Nyingine inakupasha wewe uso na miguu.

Kwa hiyo anza na maharage, na usiyapeleke kwenye gesi. Yapeleke kwenye presha kuka ya umeme. Ina mfuniko unaobana, mvuke hautoki, joto la ndani hupanda hadi nyuzi 110 au 120, na ikishafika hapo inajizima na kujiwasha yenyewe. Ya lita 6 yenye wati 1,000 inapika kilo moja ya maharage yaliyolala kwenye maji kwa kitu kama nusu ya uniti, tuseme na kidogo juu yake. Usiijaze kupita nusu kwa maharage, yanavimba na kuziba tundu la mvuke. Kama unapika kilo tatu kwa siku, hesabu uniti mbili. Wateja wa kawaida, yaani wa T1, kodi zikiwemo, wanalipa kama 356 kwa uniti. Hiyo ni 712. Sasa ilinganishe na sehemu ya mkaa iliyokuwa ikienda kwenye maharage. Kama kwako nayo ni nne kwa kumi, ni kama 3,700. Umebaki na karibu elfu tatu kila siku ya kazi. Yangu niliinunua 150,000. Kwa hesabu hiyo hurudisha bei yake kwa siku hamsini za kazi, na ya pili unainunulia faida ya ya kwanza.

Kama mita yako ni ya nyumbani ya D1, ile ya uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, jihadhari. Bei hiyo ni ya anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Uniti mbili kwa siku ni zaidi ya 50 kwa mwezi, ukiongeza friji na taa umeshavuka. Ndiyo maana nimekupigia hesabu kwa bei ya juu, usije ukashtuka.

Sasa jambo ambalo naomba ulisome mara mbili. Najua vibanda vya pale stendi, umeme unavutwa kutoka dukani kwa jirani kwa waya mwembamba wa kuchajia simu. Nimewahi kuitwa kwenye kibanda kilichoungua usiku hadi mabati yakajikunja, na chanzo kilikuwa waya wa namna hiyo uliobebeshwa jiko. Namshukuru Mungu hakuna aliyelala mle. Mwambie fundi akuvutie waya wa milimita mraba 2.5, soketi ya ampia 13 iliyofungwa ukutani, na kikata umeme chake. Kama unalipia umeme kwa jirani, weka mita ndogo ya kati ili msigombane mwisho wa mwezi. Gharama ya waya iingize kwenye mtaji tangu mwanzo. Ukiisahau, ndiyo itakayokurudisha kwenye mkaa.

Wali wako uache ulipo kwa sasa. Najua unapalia moto juu ya mfuniko, na mteja wa Msamvu anaujua wali uliopaliwa kabla hajakaa. Mkaa wa kupalia ni kidogo. Chai na chapati za asubuhi ndizo zinazofaa gesi, kwa sababu ni kazi ya haraka na moto unauzima papo hapo. Mtungi uleule uliokuishia siku tano utakaa sana. Nyama ngumu ichemshe dakika kumi na tano, kisha iweke na sufuria lake kwenye kikapu cha kupikia chenye mito ya pamba au vitambaa, uifunike vizuri. Itaendelea kuiva bila moto kabisa, uendelee na mboga.

Mtaji: tafuteni wenzako mjiunge, muombe mkopo wa asilimia 10 za mapato ya halmashauri. Kati ya hizo kumi, nne ni za wanawake, na mkopo hauna riba. Ulisimama mwaka 2023, ukarudi mwaka 2024. Mkienda na lile daftari la sado mkononi, mtakuwa na maelezo ambayo wengi wanaoomba hawana.

Kuna wanaouliza kama umeme si moshi uleule uliohamishiwa kwingine. Kwetu hapa swali hilo lina jibu zuri. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, inayozungushwa na maji. Kidatu, humuhumu mkoani Morogoro, kuna megawati 204 nyingine za maji. Upo umeme wa gesi asilia pia, lakini maharage yaliyoiva kwa uniti mbili za gridi yetu hayana hatia hata robo ya yale ya mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Mimi nasema tusiwahesabu walionunua jiko. Tuhesabu wale ambao jiko hilo bado linapika baada ya mwaka.

Utaletewa pia mkaa mbadala wa vitofali. Uliza umetengenezwa na nini. Wa pumba, vumbi la mkaa au maranda, sawa. Wa makaa ya mawe unaokoa mti, hilo ni kweli, lakini kaboni yake imechimbwa ardhini na inakwenda hewani. Anayekuuzia kama kitu safi kabisa hajakwambia yote.

*Fundi, habari za kazi. Nina mashine ya kusaga na kukoboa wilaya ya Mvomero, injini ya dizeli ya hp 20. Msimu ukichangamka inakula lita 12 kwa siku, lita 2,900. Nguzo za REA, Wakala wa Nishati Vijijini, zimefika kijijini. Jirani yangu alihamia umeme, mota ikaungua ndani ya miezi miwili. Nihame? – Mwenye mashine*

Hama, lakini usiuze injini.

Lita moja ya dizeli ina nishati ya kama uniti 10, ila injini yako, hasa kama ni kuukuu, inafikisha kama 3 tu kwenye shafti. Kwa lita 12 unapata uniti 36 za kazi kwa 34,800. Mota nzuri ingefanya kazi hiyohiyo kwa uniti 41 hivi, ambazo kwa bei ya T1 ni kama 14,600. Na zile kilo 32 za hewa ya ukaa ambazo injini hutoa kwa siku hiyo moja hazitoki tena pale kwenye banda lako.

Kuhusu mota ya jirani, naomba niseme yaliyonipata mimi, kwa kuwa naamini ni ugonjwa uleule. Nilifunga mota ya namna hiyo mwishoni mwa laini ndefu. Nilipima volti saa sita mchana, nikakuta 395, nikaridhika, nikafunga, nikaondoka. Jioni, nyumba zote zikiwasha, laini ile ilikuwa inashuka hadi 330. Mota ikivuta umeme wa volti ndogo huvuta ampia nyingi zaidi, ikapata joto, ndani ya wiki tatu ikaungua. Niliisuka upya kwa fedha yangu kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo napima mara tatu, asubuhi, mchana na saa moja usiku, kwa siku mbili.

Kwa hiyo: hakikisha laini iliyofika ina fezi tatu, si moja. Pima kama nilivyosema. Fundi akuwekee stata ya nyota na delta, ile inayoiwasha mota taratibu, pamoja na kifaa kinachokata mota ikielemewa, na akiseti kwa ampia zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Volti ikiwa inashuka jioni, saga mchana, usiku tumia injini. Na kabla ya hayo yote geuza nyundo za kinu chako na ukague chekeche na mkanda. Nyundo iliyolika inakula nguvu, iwe ya dizeli au ya umeme.

*Ndugu fundi, salaam kutoka Kilosa. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji. Kila siku tunawasikia mkiwahimiza watu wa mjini waache mkaa. Sisi tuna msitu wa kijiji, tunavuna kwa mpango, na ushuru wa mkaa ndio uliotusaidia madarasa. Mji ukiacha mkaa, mnatuachia nini? – Mjumbe, Kilosa*

Ndugu yangu, barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Ni swali ambalo sisi tunaouza majiko hatupendi kuulizwa.

Wasomaji wasioifahamu Kilosa wajue kwamba tangu 2012 vijiji kadhaa vya huko vimevuna mkaa kwa utaratibu. Msitu unagawanywa vitalu vya mita 50 kwa 50, unavuna kimoja unaruka kingine, visiki vinaachwa vichipue, na kitalu kinarudiwa baada ya miaka 24. Miti ya miombo huchipua vizuri kwenye kisiki usipochoma moto wala kulima. Ushuru unaingia kijijini. Mkaa huo si sawa na ule wa kufyeka kilima kizima usiku, na anayeusema kwa sentensi moja na huo anawaonea.

Kwa hiyo sikushauri mfute mpango wenu. Soko la mjini halitaisha mwaka huu wala ujao. Lakini litapungua, na kijiji kinachotegemea ushuru wa kitu kimoja kinapaswa kuanza kutazama pembeni wakati fedha bado inaingia. Msitu ni wenu kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002. Msiwe mnauona kama gunia tu. Kuna mbao za kuchagua, kuna asali, na kuna kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo msitu uliosimama unaizuia isiende hewani.

Hii ya kaboni si hadithi. Vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika, Katavi, vinalipwa kwa kulinda misitu ya Milima ya Ntakata, na fedha zimejenga madarasa na kulipia watu bima ya afya. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walitangulia. Lakini malipo hutegemea msitu uliopimwa na ukaendelea kusimama, na kupima ni kazi ya miaka. Akija mtu na mkataba kwenye mkoba, akataka sahihi ya mwenyekiti kabla jua halijazama, mnyimeni. Mkataba uende mkutano mkuu wa kijiji na halmashauri. Muulizeni anayetaka saini: ni wa miaka mingapi, gharama ya kupima ni ya nani, kijiji kinapata sehemu gani ya mauzo na si ya faida, na moto ukiunguza msitu itakuwaje. Kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapahapa Morogoro. Kutoka Kilosa ni nauli ya basi moja. Nendeni wawili au watatu, mwanamke awemo.

Kwa muda mtakaoendelea kuchoma, kausheni magogo wiki kadhaa kabla ya kuyapanga. Tanuri la udongo la kawaida hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kilo 100 za kuni, na kuni mbichi ndizo zinazoivuta hesabu chini kwenye kumi, kwa kuwa sehemu ya kuni inaungua ili kukausha nyingine. Mtapata magunia yaleyale kwa vitalu vichache.

Na kwenye mkutano wa kuzungumza haya, waiteni wachomaji wenyewe, wale vijana wanaolala porini na tanuri. Nimehudhuria mikutano mingi ya namna hii ambamo walikuja kuambiwa tu tarehe ya kuacha.