Maswali ya Wasomaji: Shomoro Yupi ni Yupi?

Kundi moja la shomoro hutua ukutani, baadhi wana koo jeusi na wengine ni kahawia tupu. Je, ni aina mbili?

Huenda ni aina moja, madume na majike. Dume wa shomoro wa majumbani (Passer domesticus) ana utosi wa kijivu, kisogo cha hudhurungi, mashavu yaliyofifia na bamba jeusi linaloshuka kutoka kooni hadi kifuani. Jike hana hata kimoja kati ya hivyo. Mtambue kwa mstari wa manjano hafifu unaoanzia jichoni kwenda nyuma. Wadogo waliotoka kiotani karibuni hufanana na mama yao, kwa hiyo usishangae kuona "majike" wengi kupita kiasi baada ya msimu wa kuzaa.

Wengi hukosea kwa kutegemea bamba peke yake. Dume akishabadili manyoya, yale mapya ya kooni huwa na ncha za rangi hafifu zinazoficha weusi. Ncha hizo husagika polepole, na msimu wa kuzaliana unapowadia bamba limeshajitokeza lote. Mdomo nao huwa mweusi wakati huo, kisha hupauka.

Lakini kama ndege wote wamefanana, utosi wao ni hudhurungi bila kijivu, na kila shavu jeupe lina doa jeusi katikati, hao ni Passer montanus. Kwao dume na jike wana sura moja. Ulaya hupatikana zaidi mashambani. Katika sehemu kubwa ya Asia ya Mashariki ndio shomoro wa mijini.

Na wale wenye kichwa cha kijivu kitupu, bila bamba wala doa?

Hao ni wa Afrika, na hapa hata wazoefu huchanganyikiwa. Kuna aina tano zinazokaribiana sana, na zamani wataalamu wengi walizihesabu kuwa moja. Anza na mgongo. Passer griseus ana mgongo wa hudhurungi unaoachana waziwazi na kichwa, na koo lake ni jeupe. Passer suahelicus, wa Tanzania na kusini mwa Kenya, ana mgongo wa kijivu-kahawia, hivyo kichwa na mgongo havipishani sana. Kisha tazama mdomo: ukiwa mnene kuliko kawaida, na tumbo ni la kijivu, fikiria Passer gongonensis. Picha iliyopigwa juani saa sita hufuta tofauti hizi zote. Ndege aliye kivulini huonyesha rangi kwa uaminifu zaidi.

Shomoro wa Marekani ni ndugu wa hawa?

Wenyeji wa huko, hapana. Wanaoitwa shomoro Amerika ya Kaskazini, kama Melospiza melodia, ni wa familia ya Passerellidae. Wamefanana na shomoro kwa umbo na rangi, lakini ukoo ni mwingine. Shomoro wa majumbani alipelekwa Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1850 na akaenea karibu bara zima. Passer montanus alifunguliwa St. Louis mwaka 1870, naye hadi leo hajasambaa mbali sana na eneo hilo. Kwerea, anayelaumiwa pamoja na shomoro kwa kula nafaka, ni wa familia ya mnana.

Je, kuwaua shomoro huokoa mavuno?

China ilijaribu mwaka 1958, ilipomweka shomoro kwenye orodha ya viumbe waharibifu wanne wa kuangamizwa. Kufikia 1960 shomoro aliondolewa kwenye orodha hiyo na nafasi yake ikachukuliwa na kunguni. Mkubwa hula mbegu, ni kweli, lakini makinda hulishwa zaidi wadudu, hasa siku za mwanzo.

Nimetundika sanduku la kiota, hakuna anayeingia. Tatizo nini?

Pima tundu kwanza. Shomoro wa majumbani anahitaji milimita 32. Passer montanus hupita kwenye 28. Tundu likiwa pana zaidi, ndege wakubwa huliteka. Sakafu ya sentimita 15 kwa 15 inatosha, na tundu liwe angalau sentimita 12 juu yake, vinginevyo paka huingiza mguu na kufikia makinda. Ubao uwe na unene wa milimita 15 au zaidi, kwani mwembamba hupitisha joto. Toboa vitundu vichache sakafuni maji yatoke. Kijiti cha kutulia chini ya mlango king'oe: shomoro hakihitaji, na adui hukitumia kama ngazi.

Litundike mita 2 au zaidi kutoka ardhini, chini ya ukingo wa paa, lisielekee jua kali. Shomoro hupenda majirani, kwa hiyo masanduku mawili au matatu karibu karibu huvutia kuliko moja la peke yake. Mayai huwa 4 au 5 kwa kawaida, na makinda hukaa kiotani takriban wiki mbili. Usilifungue kipindi hicho, maana kinda aliyekaribia kuruka akishtuka huchomoka kabla mabawa hayajawa tayari. Msimu ukiisha, toa majani yote na mwagia maji yanayochemka kuua viroboto na utitiri.