Macho mazima, upande mmoja hauonekani

SWALI: Mume wangu alipatwa na kiharusi miezi 4 iliyopita. Sasa anatembea na kuzungumza vizuri, lakini hujigonga kwenye milango upande wa kushoto, na akisoma hupotewa na mwanzo wa mstari. Anasisitiza kwamba jicho la kushoto limekufa, ilhali daktari wa macho amesema yote mawili ni mazima. Miwani mipya haikusaidia. Tufanyeje?

JIBU: Daktari hakukosea, na mumeo naye hasemi uongo. Macho yote mawili hupeleka habari za upande wa kushoto kwenye nusu ya kulia ya ubongo, na nusu hiyo ikiumia, upande huo hutoweka kwa kila jicho, jambo ambalo miwani ya kawaida haiwezi kulirekebisha. Afunike jicho moja, kisha la pili, akikutazama puani huku ukipunga mkono kushoto kwake. Asipouona mara zote mbili, ataelewa kuwa si jicho lililokufa. Kipimo rasmi cha uwanja wa kuona kitaonyesha ukubwa wa pengo.

Uoni hurudi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, na baada ya miezi 6 mabadiliko makubwa ni nadra, kwa hiyo nisingemshauri akae akisubiri. Mazoezi yenye manufaa ni ya kufidia: kabla ya kuingia chumbani au kutafuta kitu mezani, apeleke macho kushoto kabisa, kupita pale anapodhani ndipo mwisho, kisha arudi kulia taratibu, na arudie kila siku mpaka iwe desturi. Katika kusoma, mchoreeni mstari mwekundu kwenye ukingo wa kushoto wa ukurasa, naye asianze mstari wowote kabla ya kuuona wekundu huo.

Kulalamika kwake, ingawa kunachosha nyumbani, ni dalili njema. Wapo wagonjwa ambao ubongo wao huupuuza upande mmoja bila wao kujua, wakanyoa nusu ya ndevu na kuridhika. Hao huhitaji mafunzo ya namna nyingine, na hali hizo mbili zaweza kumpata mtu mmoja. Mtaalamu wa utengamao, yaani wa kumrejesha mgonjwa katika shughuli zake, ndiye wa kuzitofautisha, na ndiye atakayeamua kama lenzi za prizimu, zinazopinda mwanga na kusogeza taswira, zitamfaa.

Asiendeshe gari kabla ya kupimwa na kuruhusiwa, hata akiapa kwamba anaona vizuri.